Barafu Niliyoionja Mimi

Mimi ni mtu wa kusema. Muulize yeyote aliyewahi kula kwangu pale Ruiru, karibu na stesheni ya reli, atakwambia kwa Mama Kanini unakula chapati na unasemwa juu yake. Ukimwaga chai, nakusema. Ukikalia kiti saa nzima na mandazi moja, nakusema. Marehemu mume wangu alikuwa akilalamika kwamba mdomo wangu hauna mlango. Kwa hiyo mkisikia kuna jambo nililolinyamazia zaidi ya siku arobaini, mjue halikuwa dogo.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini na saba, na jua lilikuwa limetukasirikia. Mvua ya Novemba ilipita juu juu tu. Kahawa mashambani ilikunja majani, bomba likawa linatoa maji siku mbili kwa wiki, na ndani ya kibanda changu cha mabati nilikuwa napika watu pamoja na maharagwe. Saa sita mchana hakuna aliyetaka chai. Nilikaa na sufuria yangu tukatazamana.

Nikaenda Thika kununua unga, na huko ndiko nilikomwona Mishi. Alikuwa amesimama nje ya soko na mashine ya chuma yenye gurudumu. Anaweka kipande cha barafu, anazungusha gurudumu, na chini inadondoka barafu nyeupe, laini kama unga wa ugali. Anaijaza kwenye glasi, anaimwagia sharubati, anakupa na kijiko. Nilimwambia sijaona mtu akiuza maji magumu tangu nizaliwe. Alicheka, akanipa ya ukwaju. Kijiko cha kwanza kiliniuma meno hadi masikioni, nikapiga kelele "Ngai!" mbele ya watu, kisha nikala yote na kuomba nyingine.

Alikuwa mtu wa Pwani, Mdigo. Mumewe, Uthman, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo hapo Thika, na walikuwa wamepanga vyumba viwili mtaa wa Landless. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Safaa, wa miaka tisa, waliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Yote hayo nilijua kabla sijamaliza glasi ya pili, kwa sababu niliuliza. Nikamwambia, "Mama Safaa, hapa sokoni mko wengi mnapigania kivuli. Kuja Ruiru. Mimi niko na viti, niko na kivuli, na watu wa kusikia joto wamejaa."

Wiki iliyofuata alikuja na mashine yake, akaiweka mlangoni pangu.

Siku ya kwanza watu walisimama mbali wakitazama. Wa kwanza kujitolea alikuwa Zacharia, fundi wa viatu na mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kupita kitu kinachoonjwa. Alikula, akafumba macho, akashika shavu. "Hii ni ya meno ya watoto," akasema, na akala mpaka akalamba kijiko. Maggie, mshonaji wa pale mkabala, alitaka ya rosi, sharubati ya waridi, kwa sababu ilikuwa nyekundu na ilipendeza na blauzi yake. Vijana wakachukua ya embe yenye chumvi na pilipili, wakaanza kumwita Mishi Mama Theluji. Mpaka mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa nauza chapati kwa watu waliokuja kula barafu, na barafu kwa watu waliokuja kula chapati. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilijiona mwerevu kuliko hoteli zote za Ruiru.

Mishi alikuwa msafi mpaka akaudhi. Maji ya sharubati aliyachemsha nyumbani, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha tena. Glasi aliziosha kwa maji ya moto, na nzi akitua mezani utadhani ameona nyoka. Barafu ilitoka kiwandani Thika kwenye pikapu ya soda, na saa nane mchana Kimeu, mwenye mkokoteni, aliniletea ikiwa imefungwa gunia na maranda ya mbao. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipokea, maana Mishi alifika saa tisa baada ya shughuli zake za nyumbani.

Kisha Ramadhani ikaingia. Nilidhani biashara imekufa, lakini Mishi alisema la, Waislamu wa Ruiru watakuja jioni kufuturu, na nyinyi wengine mtakula kama kawaida. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila siku alitengeneza sharubati mpya, na mtu aliyefunga haonji. Kuna wanaosema unaweza kuweka kwenye ncha ya ulimi na kutema, lakini Mishi hakutaka kubahatisha na saumu yake.

"Mama Kanini," akaniambia, "wewe ndiwe utakayenionjea. Ukisema iko sawa, nauza. Ukisema haiko sawa, namwaga."

Basi kila alasiri saa kumi, kabla hajamuuzia mtu hata mmoja, alinipa kijiko cha barafu yenye sharubati na kunitazama usoni. Nami nilisema kama mtu wa maana: sukari imezidi, chumvi bado, ndimu hii ni chungu. Siku moja nilimwambia rosi inanuka sabuni, na akamwaga chupa nzima bila kuniuliza mara ya pili. Aliniamini hivyo. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuniamini kiasi hicho, hata mwanangu Kanini.

Katikati ya mfungo Safaa akataka kufunga siku nzima. Watoto wa madarasa ya chini hufunga nusu siku, wakala mchana wakajifanya hawakula, lakini yeye alitaka kamili. Baba yake alikataa. Alisema joto hili linaangusha watu wazima, sembuse mtoto. Mishi akamtetea, na wakakubaliana afunge Jumamosi, siku ambayo hakuna shule. Mama yake alimwahidi kwamba akifika magharibi, glasi ya kwanza itakuwa yake, rosi, na atakula mbele ya watu wote. Mtoto alizungumzia glasi hiyo wiki nzima.

Jumamosi hiyo Kimeu alikuja saa nane, na mkokoteni ulikuwa mtupu.

"Leo hakuna, Mama Kanini. Thika maji imepotea. Kiwanda imefunga mpaka Jumatatu."

"Haiya! Na leo ndio Jumamosi! Hakuna pahali ingine?"

Alikuna kichwa. "Kuna jamaa hapa Gatongora ako na friza kubwa. Yeye anagandisha ya kuweka kwa samaki. Lakini hiyo ni maji ya kisima, na kisima iko karibu na choo. Si ya kula, mama. Ni ya kupoza samaki tu."

"Kimeu, wewe umewahi kuona mdudu akiishi ndani ya barafu? Baridi inaua kila kitu. Enda ulete."

"Mimi nimekuambia."

"Na mimi nimesikia. Enda ulete."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na nilisema kwa sauti ya mwalimu. Niliamini kweli. Mama yangu aliamini hivyo, na jirani zangu wote waliamini hivyo: kitu kikiwa baridi kabisa, hakina uchafu. Kama ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu, na ujinga unasameheka. Ila nilikuwa nimeshawaahidi watu, na nilikuwa namfikiria yule mtoto na glasi yake. Nilijiambia Mishi akijua barafu imetoka wapi atakataa kuuza na atamvunja mtoto moyo. Kwa hiyo niliisugua ile barafu kwa maji, nikaifunga kwenye gunia lile lile la siku zote, na alipofika sikumwambia kitu.

Saa kumi akanipa kijiko.

Nilisikia kitu. Nyuma ya ukwaju, nyuma ya sukari, palikuwa na ladha ya matope, na harufu kama ya ndoo iliyolaza maji ya kuoshea. Haikuwa kali. Lakini ulimi wangu ulijua papo hapo, kabla mimi sijataka kujua. Mishi alikuwa ananitazama. Nyuma yake Safaa ameketi kwenye kiti, mtandio wa manjano kichwani, midomo imekauka, anahesabu watu wanaopita ili muda uende. Foleni ilikuwa imefika kwa Maggie.

"Iko sawa?" Mishi akauliza.

"Iko sawa," nikasema. "Ongeza ukwaju kidogo."

Nililiongeza hilo la ukwaju ili harufu ifunikwe. Hapo sikuwa mjinga tena.

Adhana ilipotoka msikitini, Safaa alikula tende moja, akanywa maji, akapewa glasi yake. Watu walimpigia makofi, Wakristo na Waislamu. Zacharia alisimama kabisa, akasema huyu mtoto ni jasiri kuliko wazee wa kanisa lake. Safaa alikula taratibu ili isiishe, ulimi ukawa mwekundu, akautoa kutuonyesha. Halafu akaomba ya pili. Mama yake akaniangalia, nikasema, "Mpe, si amefunga?" Mishi mwenyewe hakula. Meno yake yalikuwa mabovu, barafu ilimtesa. Alikunywa chai yangu, akafunga mizigo, wakarudi Thika.

Mimi tumbo lilinikata kidogo, nikameza vidonge nilivyokuwa navyo, likatulia. Jumapili Zacharia hakwenda kanisani. Maggie alilazwa hospitali siku mbili na maji ya mshipa. Wengine saba au wanane waliharisha na kutapika, wakapona. Wote hao walikuwa wamekula mchana na kunywa maji kutwa. Safaa alikuwa amefunga siku nzima juani. Alianza kutapika wakati wa daku, baba yake akambeba hospitali akiwa bado anaongea, na Jumapili kabla ya adhuhuri akawa ameaga dunia. Walimzika alasiri hiyo hiyo, kama ilivyo desturi yao. Mimi nilipata habari Jumatatu asubuhi, nikaacha unga mezani nikaenda.

Nyumba ya Landless ilikuwa imejaa wanawake wameketi mkekani. Nilijibana katikati yao. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama si ile barafu iliyomdhuru mtoto. Mishi akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Si barafu," akasema. "Mama Kanini aliionja. Ingekuwa na neno, angejua, na angeniambia."

Wanawake wote wakanigeukia. Mimi, mtu wa kusema, nikatikisa kichwa kukubali. Kisha nikalia, na walidhani nalilia mtoto. Nilimlilia mtoto, ndiyo. Lakini nilikuwa nalia pia kwa hofu.

Jumanne bwana afya alikuja Ruiru. Aliniuliza barafu ilitoka wapi, nikamwambia Thika, ile ya siku zote. Kimeu alikuwa amesimama hapo hapo na mkokoteni wake, akatazama viatu vyake. Yeye pia alikuwa na watoto na alihofia kufungwa. Barafu yenyewe ilikuwa imeyeyuka zamani. Bwana afya akaandika kwamba kosa linadhaniwa kuwa sharubati iliyotengenezwa nyumbani kwa maji yasiyo salama, akatufungia vibanda wiki mbili, akaenda zake. Karatasi hiyo nakala yake ilifika Landless. Uthman aliisoma.

Nilikwenda kumwona Mishi baada ya Idd. Nilimkuta jikoni anachemsha maji. Yalipochemka aliyamimina kwenye ndoo, akajaza sufuria mengine, akayabandika motoni. Nilimuuliza ya nini.

"Najaribu kukumbuka," akasema. "Ijumaa ile usiku nilipotengeneza rosi. Sufuria naikumbuka. Kitambaa nakikumbuka. Moto siukumbuki, Mama Kanini. Huenda nilichoka na mfungo, sikuchemsha. Uthman kila siku ananiuliza, ulichemsha? Namwambia nilichemsha. Lakini sasa siukumbuki moto."

"Ulichemsha," nikasema. "Wewe huwezi kuacha."

"Basi amekufa na nini?"

Ukweli ulikuwa pale tu, mbele yangu, na ulihitaji maneno matano. Nilimwambia ni kazi ya Mungu. Nikamwachia mkate na sukari, nikashika njia. Tangu siku hiyo nilijichukia, na nikawa mkali hotelini mpaka wateja wakaanza kula kwa Mumbi upande wa pili. Nilikuwa nikimgombeza mtu kwa kumwaga chumvi, huku najua nilichofanya.

Mwezi wa tatu, siku ya Ijumaa, Maggie aliniletea habari. Alikuwa ametoka Thika kununua vitambaa. "Yule Mama Theluji, baba ya mtoto anataka kumwacha. Ndugu yake amekuja kutoka Pwani kumchukua. Bwanake anasema hawezi kulala nyumba moja na mtu alimpea mtoto wake sumu, halafu juu yake akamfungisha na hilo jua."

Usiku huo sikulala. Asubuhi, Jumamosi, niliamua. Nilioga, nikavaa rinda la kanisa, nikafunga leso, nikamwambia Kanini achunge hoteli. Lakini ilikuwa siku ya joto, na wafanyakazi wa barabara, kama kumi na wanane hivi, waliingia wakati mmoja wakiwa na njaa. Wateja ambao nilikuwa nimewakosa wiki tatu. Nikafunga aproni juu ya rinda. Nikajiambia nitawapikia hawa, kisha nitaenda. Walipoondoka nikajiambia jua limeshapungua, kesho ni vizuri zaidi, baada ya ibada.

Jumapili nikaenda. Nilimkuta Mishi nje ya nyumba, ameketi juu ya godoro lililokunjwa, sanduku kando yake. Ndugu yake, Abdulnasir, alikuwa amekwenda kutafuta gari. Niliketi chini mbele yake, kwenye vumbi, na rinda langu, na nikasema yote kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Friza ya Gatongora, kisima, samaki. Kimeu alivyonionya. Kwamba nilipoonja nilisikia ladha, na nikasema iko sawa. Kwamba ukwaju niliomwambia aongeze ulikuwa wa kufunika harufu.

Hakupiga kelele.

"Kwa hiyo nilichemsha," akasema.

"Ulichemsha."

Alifunika uso kwa mtandio. Nilitaka kumshika lakini nikaogopa kumgusa. Alipojifunua, macho yalikuwa makavu. "Nimemwomba mtoto wangu msamaha kila swala, swala tano kwa siku," akasema. "Hesabu mwenyewe ni ngapi. Na wewe ulikuja ukakaa jikoni mwangu, ukanitazama nikichemsha maji." Kisha akasema, "Baba Safaa anakuja kutoka msikitini. Mwambie yeye. Kwa maneno hayo hayo, usiache hata moja."

Tukangoja, sisi wawili. Uthman alikuja akitembea polepole. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia mwilini. Nilisimama, nikamwambia kwa maneno hayo hayo. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Mishi, akanitazama mimi, akaketi kwenye kizingiti.

"Mishi," akasema.

"Sasa amejua," nikamwambia Mishi haraka, mdomo wangu ukiwa umerudi, kisha nikamgeukia mumewe. "Baba Safaa, sasa umejua si yeye. Mwambie arudishe vitu ndani. Mimi nitaenda polisi, nitaenda kwa bwana afya, nitasema kila pahali. Mwambie tu arudi ndani."

"Harudi," Uthman akasema. "Hawezi kurudi. Nimempa talaka tatu, mbele ya ndugu yake na mashahidi wawili. Nilitaka moja. Hasira ikanishika nikatamka zote tatu. Kwetu hiyo haina marejeo, mama. Hata nikitaka. Hata yeye akitaka."

"Lini?"

"Jana, baada ya alasiri." Aliniinulia macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Umekaa na maneno haya siku zote hizo. Jana ulikuwa wapi?"

Mishi pia alikuwa ananitazama, akingoja jibu.

"Jana nilikuwa nimevaa nije," nikawaambia. "Wateja wakaingia. Nilikuwa napika chapati."